Taa Uliyoifunika kwa Gunia

Dominiki, wewe ni mjinga. Naliandika neno hilo juu kabisa ya karatasi ili usije ukasema hukuliona. Mwanamume mwenye ndevu, aliyekabidhiwa lori la watu, anaona taa zimekataa kuzimika, halafu anachukua gunia la mpunga anazifunika, anakaza kwa kamba ya mkonge, kisha anasimama pembeni mikono kiunoni kama aliyemaliza kujenga kanisa. Nimekuona. Jioni nilipopita kuchukua kikapu changu, gunia lilikuwa linang'aa tundu kwa tundu kama chekecheo lenye moto nyuma yake. Nikakuuliza, nawe ukanijibu mbele ya wenzako, "Bibi, taa ikiwaka mchana inamwumiza nani?" Wakacheka. Nami nikanyamaza, jambo ambalo hujaliona tangu ujue jina lako. Kama ungekuwa na masikio, kunyamaza kule kungekutisha.

Sikunyamaza kwa kushindwa. Mimi nikifungua mdomo hutoka matusi, unajua, na katika jambo hili matusi nilikwisha kuyatumia zamani, kwa mtu mwingine, hayakuniletea kitu ila hasara. Ndiyo maana nimekaa hapa Katindiuka na koroboi na penseli ya mtoto wa jirani, naandika kwa herufi zangu za darasa la katekista, kubwa kama mayai ya bata. Ukitaka kuucheka mwandiko, cheka. Lakini soma mpaka chini.

Kesho unavuka mto kwenda Mahenge, na tajiri wako amesema ndiko utakakokaa. Sitakuandikia habari za kufua shati, wala za kula ukashiba, wala za wanawake. Nguo utafua zikianza kunuka. Mengine atakufundisha atakayekubali kuishi nawe, maskini. Mimi nakuandikia habari ya taa, kwa sababu ya taa nilimzika mama yako.

Umekua ukiambiwa kwamba Rozalia alikufa kwa uzazi. Si uongo. Mtoto alikataa kutoka, naye akafa, na mtoto akafa. Lakini hospitali ilikuwapo, barabara ilikuwapo, na lori lilikuwa limesimama mbele ya nyumba yangu kule Mofu tangu alfajiri, likiwa na mafuta, na dereva wake ni baba yako. Sasa jiulize mwenyewe, wewe mwenye kucheka: mtu anakufaje akiwa na lori mlangoni?

Nitakueleza.

Mama yako alikuja kwangu kujifungulia, kwa sababu wewe ulimpa taabu kubwa ulipozaliwa na hakutaka mikono mingine. Alikuja nawe ukiwa unatambaa na kusimama, kikojozi usiye na mfano. Baba yako, Gaspari, alikuwa Ifakara akiendesha lori la mwenye duka mmoja, akizunguka kukusanya mpunga. Ulikuwa wakati wa kuvuna. Watu wote wako mashambani, wanalala huko huko juu ya madungu wakiwinga ndege na nguruwe. Sasa lori likija, nani atawaambia? Dereva alikuwa analipandisha mahali palipoinuka, analielekeza mbugani, anaacha taa zinawaka. Mtu aliye mbali kwenye dungu lake akiona lile jicho kwenye giza anajua lori limefika, anaanza kubeba magunia yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kengele yetu. Hakuna aliyeona ajabu taa ya lori lililosimama kuwaka. Tulizoea, na mazoea yale yalitupofusha.

Gaspari alifika kabla hapajapambazuka. Taa moja ilikuwa imevunjika njiani, kwa hiyo lilikuwa linawaka jicho moja tu. Watu wakaja na magunia. Kulipokucha akanyoosha mkono, akazungusha swichi, klak, nikaisikia kwa masikio yangu. Akapakia, akachoka, akavua shati, akajilaza kwenye kiti cha mbele apate usingizi kidogo. Hakulala tangu jana yake.

Asubuhi hiyo wewe ulikuwa umelowesha mkeka wote. Nikafua winda lako, nikatafuta pa kulianika. Miti ilikuwa na umande, kamba imejaa nguo za mama yako. Nikaliona lori. Nikalitandaza winda juu ya ile taa nzima.

Dominiki, kioo kilikuwa cha moto.

Nakuandikia kitu ambacho padri mwenyewe nilimwambia nusu. Kiganja changu hiki kilikigusa kile kioo, kikawa cha moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Na jua lilikuwa nyuma ya lori. Uso wa lori ulikuwa kivulini kabisa. Ndani ya kioo niliona rangi kama ya kiini cha yai, nikadhani vioo vya Wazungu ndivyo vilivyo. Nikajiambia, ni jua. Jua gani? Jua lililotokea wapi, bibi wewe? Lakini nikajiambia hivyo, na winda likakauka upesi sana, nami nikafurahi. Nikafua lingine nikaanika tena palepale.

Utaniuliza kwa nini sikumwuliza baba yako. Ningeweza. Alikuwa hapo, hatua chache tu. Lakini alikuwa mkwe wangu, amelala kifua wazi. Mimi nimelelewa na watu wenye adabu. Mama mkwe hasogelei mahali alipolala mkwewe, hamwangalii, hamwamshi. Hata kumwita kwa jina sikuwa namwita, nilikuwa nasema "baba Dominiki" nikiangalia pembeni. Na kumtuma mtu, nimtume nani? Wewe ulikuwa huwezi kusema hata "maji". Mama yako alikuwa ndani, uchungu umeanza polepole, sikutaka kumsumbua kwa habari za kioo. Basi adabu yangu ikakaa hapo na kiganja changu cha moto, ikanyamaza.

Adhuhuri uchungu ukabadilika. Wakunga tulikuwa wawili, mimi na mama mdogo wako, tukaangaliana. Ukiona wakunga wanaangaliana bila kusema, ujue mambo yamekwisha geuka. Nikatoka mlangoni, adabu nikaitupa huko, nikapiga kelele, "Gaspari! Washa gari!"

Akaruka. Akakanyaga selfu ya kuwashia injini. Haikusema kitu. Hata kile kikohozi cha mzee, hakuna. Akashuka na hendeli, akazungusha mpaka ngozi ya viganja ikamtoka. Hakuna. Tukasukuma, wanawake wa Mofu wote waliokuwapo, na magunia juu, kwenye udongo ule mweusi unaoujua. Magurudumu yakajizika. Tukashusha magunia, tukasukuma tena. Mama yako alikuwa anatuita kutoka ndani. Kwanza aliita jina la baba yako. Halafu akaniita mimi. Halafu akawa haiti mtu.

Tulimfunga kwenye machela, tukampokezana barabarani. Hatukuyaona mabati ya Ifakara naye akiwa hai.

Sikiliza sasa lile linaloniuma hata leo, maana hili hujalijua wewe wala tajiri wako wala wale vijana waliocheka. Kama lori lisingekuwapo, mama yako pengine angepona. Tungemfunga kwenye machela asubuhi, baridi ingalipo, uchungu ukiwa mdogo, kama tulivyowafunga wanawake wengine kabla yake. Nilifikiri hivyo asubuhi ile. Nikasema, aa, ya nini kumtikisa, lori si lile pale? Lilitufanya tukae. Gari likisimama mbele ya mtu, mtu hulihesabu. Halihesabu kama chuma, analihesabu kama miguu yake mwenyewe. Ndiyo sababu gari lisiloweza kuondoka halafu halisemi, ni afadhali mara mia lisingekuwapo.

Tulipotoka kuzika, baba yako alifungua ubao wa mbele, pale chini ya usukani, akaingiza mkono, akakaa muda mrefu. Akatoka na waya mbili mkononi. Zilikuwa zimepita kwenye ukingo wa bati, zikatikiswa na barabara yetu hii mpaka mpira ukalika, zikawa zinagusana shaba kwa shaba. Mmoja wa kwenda taa, mwingine wenye moto wa betri siku zote. Swichi ilikuwa imefungwa sawasawa, moto unapita pembeni, taa ikainywa betri mpaka ikakauka, hata hendeli isipate cheche. Akasema taratibu, macho chini, "Mama, nilizima."

Na alizima. Niliisikia klak.

Nikamwambia mbele ya wafiwa wote, "Mwongo mkubwa! Umemwua mwanangu kwa uvivu wako!" Na mengine, mengi, mpaka shangazi yako akanishika mdomo. Mkwe hamjibu mama mkwe. Akaziweka waya zile chini kama mtu anayeweka mtoto, akaenda. Alifanya kazi ya mkonge Kimamba, akakuletea kaptula na sabuni kila Krismasi kwa mkono wa wapita njia, na yeye mwenyewe hakurudi kukanyaga Mofu. Alifia huko huko. Nilikuwa nikijiambia, mwaka huu nitakwenda nimwambie habari ya kioo. Nikavuna kwanza. Halafu nikapalilia. Halafu ikaja habari ya kifo.

Basi. Nimesema. Nisikuone ukiniletea uso wa huruma kesho, sitaki.

Nilihama Mofu nikaja nawe huku barabarani, nikaanza kukaanga vitumbua, na kila dereva aliyesimama nilimwuliza habari ya taa. Wananiita Bibi Taa, nawe umekuwa unaona aibu. "Shikamoo, Bibi Taa." "Marahaba. Umezima?" "Nimezima." "Umetazama au umezima tu?" "Bibi, nipe kitumbua kwanza, tumbo linaniuma." "Katazame kwanza, tumbo halina betri." Wanakwenda wananung'unika, lakini wanakwenda. Yule mzee Sefu wa pwani, dereva wa makreti ya soda, alisema siku moja, "Bibi huyu angefanywa askari wa barabara, sisi sote tungehamia mitumbwini." Lakini ndiye aliyenikalisha akanieleza mpaka nikaelewa. Nami nakueleza wewe kama alivyonieleza.

Swichi ni mlango wa jaruba. Umeufunga mlango na bado maji yanaingia shambani. Yanatoka wapi? Ama mlango wenyewe umekwama wazi, ingawa mkono wako unakuambia umefunga. Ama mlango ni mzima, ila kuna panya amechimba tundu kwenye ukingo, maji yanapita pembeni. Hakuna la tatu la kuanzia. Sasa usianze kubomoa ukingo wote kama mwendawazimu. Anza mlangoni.

Kwanza fungua kichwa kimoja cha betri. Ukipeleka spana kwenye giza la waya zenye moto utaliunguza lori la watu, na nyusi zako. Kisha chini ya ubao tafuta waya unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye taa, uchomoe, ncha yake uifunge kitambaa isiguse bati. Rudisha kichwa cha betri. Tazama taa. Zikizimika, mlango ndio mbovu: vibati vya ndani ya swichi vimeungua vikagandana, hata ukizungusha mpaka kesho havitaachana. Mwambie tajiri anunue nyingine. Usivikwanguekwangue ukajiita fundi. Lakini taa zikiendelea kuwaka na waya umeuchomoa, basi tundu liko mbele, njiani. Fungua betri tena, ufuate waya kwa vidole, si kwa macho, polepole, kila mahali unapopita kwenye tundu la bati, kila mahali uliposhikwa na kikamatio, na hasa nyuma ya ubao, kwa maana lori lako linalala kwenye ghala la mpunga, na panya wakisha kushiba mpunga wanasafishia meno kwenye mpira wa waya. Ukipata palipolika, zungushia utepe, halafu uusogeze waya mbali na ukingo. Ukiuacha palepale na utepe wake, baada ya mvua moja ya matope utalika tena.

Najua utakachosema, nakusikia kabisa. "Bibi, dainamo inarudisha chaji." Inarudisha injini ikizunguka, bwana. Na kesho mtafika kwenye pantoni, mtaambiwa iko ng'ambo, au kamba imekatika, au maji yamejaa subirini. Utazima injini kwa sababu petroli ni ya tajiri. Mtakaa hapo mkinunua samaki na kupiga soga, na chini ya gunia lako jicho litakuwa wazi, linakunywa, linakunywa. Na hakuna atakayeliona, kwa sababu umelifunika vizuri. Nilifunika vizuri mimi pia.

Na juu ya magunia atakuwa amekaa Anastazia, mke wa jirani yetu. Umemwona tumbo lilivyoshuka. Anakwenda kwa mama yake Lupiro kujifungua. Mama yake alitaka aende wiki iliyopita kwa miguu, polepole, akilala kwa ndugu njiani, na mumewe akasema, "Ya nini kumchosha? Si Dominiki anapita na lori?" Nilikuwapo aliposema. Nilikuwa nageuza kitumbua, kikaungua.

Unaelewa sasa kwa nini sikucheka nanyi?

Mimi sikukulea ili uwe dereva. Nilikuwa nakupiga ukilikaribia gari, utakumbuka, na hukujua kwa nini, ukasema bibi ana roho mbaya. Siku uliponiambia umepanda kama taniboi wa mzee Sefu nililala bila kula. Lakini una mikono ya baba yako. Naiona ikishika hendeli, kidole gumba kimelala upande mmoja na vingine ili kisivunjike, kama yeye hasa, na hakuna aliyekufundisha. Nikaona afadhali nikuache, labda mikono ile ipate kumaliza kazi niliyoikatiza kwa ulimi wangu. Sikukuambia maana sijui kusema maneno ya namna hiyo. Nimeyaandika. Yatoshe.

Kitu kimoja zaidi, mume wangu. Ukishika kitu cha moto mahali pasipo na moto, uliza. Hata kama unayemwuliza amelala, hata kama ni mkweo, hata kama watu watakucheka. Mimi nimechekwa na madereva wa barabara nzima, na sijafa.

Barua hii nitaifunga ndani ya kitambaa, nimpe mtoto wa jirani akuletee kabla hakujapambazuka. Kitambaa hicho usikione ni matambara. Ni winda lako, lile la kwanza nililolianika. Nimelitunza na sabuni ya kila Krismasi.

Sasa fanya hivi. Ukimaliza kusoma, usiguse injini, na usimruhusu mtu yeyote kupanda. Ondoa gunia, ulirudishe kwenye mpunga linakostahili. Fungua ubao, tafuta, tengeneza. Rudisha waya na kichwa cha betri, uzime swichi. Kisha lichukue winda hili, ufunike taa moja, uingize kichwa chako ndani mpaka mwanga wa nje usikufikie, ukae hapo mpaka macho yazoee. Halafu nenda kwenye ya pili, ufanye vilevile. Ukiona hata kiini cha yai, rudi chini ya ubao, na Anastazia mwambie aanze kutembea. Ukiona giza, giza kabisa, ndipo uje uniamkie. Usikanyage mlango wangu kuniaga mpaka umeliona giza hilo kwa macho yako.